FreeCAD, CalculiX na BESO kwa kupunguza chuma: ni nzuri, ila ikigoma ujue pa kuangalia

Wakuu, kuna watu wengi huwa wanauliza kama ipo softiwea ya bure ya kufanya topolojia optimaizesheni ya maana, sio ile ya kuchezea. Ipo, na inafanya kazi. Ila haikushiki mkono hata kidogo, na ukiiuliza swali bovu inakujibu jibu bovu huku ikikuandikia imemaliza vizuri. Hapo ndo watu wanapokata tamaa na kusema softiwea mbovu, wakati mara nyingi tatizo lilikuwepo kabla hata haijaanza kuhesabu.

Kwa asiyejua hii kitu ni nini, ni hivi: unaipa kompyuta kipande kizima cha chuma, unaiambia kimeshikwa wapi na mzigo unakaa wapi, halafu unaiambia nibakizie asilimia 40 tu ya uzito huu ila kipande kibaki kikakamavu kadiri inavyowezekana. Yenyewe inakata kipande vipande vidogo vidogo (hizo ndo elementi, na mtandao wake wote ndo meshi), inapima kila kimoja kinafanya kazi kiasi gani, wavivu wanatolewa taratibu mpaka kinabaki kitu kama mifupa. Wazo la kutafuta umbo linalotumia chuma kidogo kabisa sio la juzi, Michell wa kule Melbourne alishaandika kuhusu hilo mwaka 1904, ila kwenye kompyuta lilishika kasi baada ya kazi ya Bendsøe na Kikuchi ya 1988. Halafu Waaustralia Xie na Steven mwaka 1993 wakaja na njia yao rahisi ya kutoa elementi zisizo na kazi hatua kwa hatua, na BESO ni mtoto wa hiyo, tofauti yake ni kwamba elementi iliyotolewa inaweza kurudishwa kama ikionekana ilihitajika.

Sasa seti yenyewe ni programu tatu. FreeCAD ya kuchorea na kuweka meshi, hii wengi mnaijua, toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024 baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kuwa "bado". CalculiX ndio solva, yaani inayofanya hesabu zenyewe, imeandikwa na Guido Dhondt na Klaus Wittig, watu wa MTU kule Munich wanaotengeneza injini za ndege, kwahiyo msidhani bure maana yake ni ya kitoto. Ya tatu ni BESO, ni skripti za Python tu, zinachukua faili la CalculiX lenye mwisho wa .inp, zinaita solva, zinasoma matokeo, zinabadilisha elementi, zinaita solva tena, hivyo hivyo mpaka uzito ufike ulipotaka. Zinahitaji numpy na matplotlib, maktaba mbili za Python, basi. Hakuna leseni ya mwaka, hakuna kuingia mtandaoni kila ukifungua, ukishadaunlodi hata bando likiisha unaendelea na kazi.

Mfano nitakaoutumia ni breketi ya kubeba mota ya mashine ya kusaga, bati la chuma la milimita 8, matundu manne ya bolti za M12 upande wa fremu na matundu ya mota upande wa pili, inakatwa na plazma. Kitu cha kawaida kabisa, lakini kinatosha kuonyesha karibu kila sehemu ambapo hii kitu inagoma.

Kitu cha kwanza kabisa, na nasema hiki kwa herufi kubwa kichwani mwangu: usiguse BESO kabla hujafanya uchambuzi wa kawaida ukaisha na ukakupa majibu yanayoeleweka. Yaani endesha CalculiX ndani ya FreeCAD kwenye kipande kizima, angalia kinapinda upande unaotegemea, angalia kinapinda kiasi gani. Kama mota ya kilo chache imepindisha bati la milimita 8 kwa mita tatu, hapo hamna optimaizesheni ya kufanya, kipande hakijashikwa vizuri, kinaelea. Unakuta mtu kazuia upande mmoja tu kusogea chini, akasahau kwamba kinaweza kuteleza pembeni au kuzunguka. Solva hapo ama inalalamika ama inakupa namba za ajabu, na hiyo ya pili ndo mbaya zaidi kwasababu BESO itazipokea namba hizo hizo na kuendelea kuchonga.

Cha pili ni vipimo. CalculiX haijui milimita wala mita, inajua namba tu. Ukitumia milimita na Newton basi ukakamavu wa chuma ni 210000, na densiti yake (uzito kwa ujazo) sio 7850, ni 7.85e-9, maana hapo unahesabu tani kwa milimita ya ujazo, na mvutano wa dunia unakuwa 9810. FreeCAD yenyewe inakufanyia huo ubadilishaji ukiandika kupitia madirisha yake, ila ukifungua faili ukarekebisha kwa mkono, au ukajaza densiti kwenye konfigi ya BESO, hapo uko peke yako. Dalili yake ni rahisi: grafu ya uzito inaonyesha breketi ina tani kadhaa, au uzito wa chenyewe unapinda kipande kuliko mota.

Haya tuje kwenye BESO. Kosa linalosumbua wengi ni la majina. Skripti inataka uitajie seti ya elementi inayoruhusiwa kuchongwa, na jina liwe lile lile lililoko kwenye .inp, herufi kwa herufi. Kuna dirisha dogo la kuendeshea ndani ya FreeCAD ambalo linapunguza hiyo adha, lakini mi nashauri fungua .inp kwa noutipadi, tafuta mistari inayoanza na *ELSET, soma kwa macho yako. Faili ni maandishi matupu, na hapa ndo penyewe napoipendea hii seti: kila kitu kiko wazi, hamna sehemu imefichwa nyuma ya kitufe. Ikigoma unafuata nyuzi mpaka unafika ilipokatika. Kwenye softiwea nyingi za hela unapata sentensi moja nyekundu na namba ya kosa halafu unaanza kuomba Mungu.

Halafu kuna swali la sehemu zisizoguswa. Matundu ya bolti lazima yabaki na chuma pembeni yake, na pale mota inapokaa pia. Usipoyatenga, BESO haina huruma, itakula mpaka ukingo wa tundu, au itatoa elementi zile zile ambazo mzigo umewekewa, na mzigo ukibaki juu ya elementi laini (zilizotolewa hazifutwi kabisa, zinapewa tu ukakamavu mdogo mara milioni moja) basi sehemu ile inazama ndani kama haina mwisho na grafu yote inaharibika. Namna ya kufanya ni kuchora pete kuzunguka kila tundu kama vipande tofauti, kuviunganisha na kipande kikubwa kwa amri ya FreeCAD ya Boolean Fragments ili viwe CompSolid, yaani vipande tofauti vinavyoshirikiana nyuso, kisha kuweka materia mbili, moja ya pete na moja ya bati lililobaki, hata kama zote ni chuma kile kile. Hapo FreeCAD inaandika seti mbili na wewe unaruhusu moja tu ichongwe. Ukiunganisha kwa njia nyingine meshi za vipande viwili hazishikani, kipande kinaonekana kizima kwenye skrini lakini kwa solva ni vitu viwili vilivyowekwa jirani. Hili linakula muda wa watu sana.

Meshi sasa. Elementi za piramidi (tetrahedra) zenye nodi nne tu, yaani pointi za kuhesabia kwenye kona peke yake, ni ngumu kuliko uhalisia kwenye kupinda, kwahiyo zinadanganya, tumia zile za nodi kumi, ambazo ndio FreeCAD inaweka ukiacha Gmsh, programu yake ya kuweka meshi, kwenye mipangilio yake ya daraja la pili. Ila zinakula RAM. Na kumbuka kwenye kitu cha pande tatu ukipunguza saizi ya elementi kwa nusu idadi yake inapanda mara nane, sio mara mbili, ndio maana laptopu iliyokuwa inamaliza mzunguko mmoja wakati unamimina chai ghafla inaganda hadi kipanya hakisogei. Kwa bati kama hili langu kuna njia ya mkato nzuri: lifanye sheli, yaani uso mtupu, badala ya kitu kizima, unaipa unene wa milimita 8, na BESO ina sehemu ya kuandika unene. Inapunguza elementi vibaya mno, na kwa kuwa plazma inakata moja kwa moja kwenda chini hukuhitaji umbo la pande tatu hata hivyo. Ukiona kosa la jakobiani hasi, hiyo ni meshi imekunjamana mahali fulani, mara nyingi kwenye kona kali au radiasi ndogo mno, futa hiyo radiasi kwenye mchoro wa uchambuzi, hamna anayeihitaji pale.

Kuna lile tatizo maarufu la matokeo kutoka madoadoa ya drafti, elementi moja ipo, ya jirani haipo, ipo, haipo. Ukiliona usifikiri kompyuta imegundua siri ya ulimwengu. Ni hesabu za elementi za daraja la chini zinazoona mpangilio ule ni mkakamavu kuliko ulivyo kweli, kwahiyo optimaiza inaupenda. Dawa ni filta: kila elementi inapewa wastani wa yenyewe na majirani zake ndani ya radiasi fulani. Anza na radiasi ya mara mbili ya saizi ya elementi. Ukiweka ndogo kuliko elementi yenyewe ni kama hujaweka, ukiweka kubwa sana vimkono vyembamba vyote vinayeyuka unabaki na kitu kinene kisicho na sura. Na hapa kuna jambo watu hawalijui, radiasi ya filta ndiyo inayoamua unene wa chini wa vimkono vyako. Kwahiyo iweke kwa milimita za karakana, sio kwa elementi: kama fundi wako wa plazma hawezi kukata kimkono cha chini ya milimita 10 bila kukipindisha kwa joto, basi chagua radiasi inayokupa hapo, halafu ndo utafute saizi ya elementi inayolingana nayo. Faida nyingine ni kwamba ukiibana hiyo radiasi, ukibadilisha meshi matokeo hayabadiliki sana. Bila hiyo kila meshi inakupa umbo lake na hujui uamini lipi. Kwa wanaofanya vitu vya kusubu, kuna filta nyingine kabisa inayohakikisha kipande kinatoka kwenye ukungu, sijaihitaji lakini ipo.

Grafu. BESO inachora grafu za uzito na za nishati ya kupinda kadiri inavyokwenda, ziangalieni jamani, msisubiri picha ya mwisho. Uzito ukishuka taratibu na nishati ikapanda taratibu, mambo safi. Nishati ikiruka ghafla juu kama mshale maana yake kuna mkono umekatwa, na mara nyingi ni kwasababu unatoa chuma kingi kwa mzunguko mmoja. Punguza mass_removal_ratio. Itachukua muda mrefu zaidi, ndiyo, lakini njia hii ni ya kuwepo au kutokuwepo, hamna katikati kama zile za SIMP, njia nyingine ya optimaizesheni, ambazo elementi inaweza kuwa nusu chuma, kwahiyo inahitaji kwenda polepole. Kama uzito haushuki kabisa angalia mass_addition_ratio, isije ikawa inalingana na ya kutoa, inatoa huku inarudisha huku, itazunguka mpaka asubuhi. Na kama mwishoni inachezacheza kati ya maumbo mawili yanayofanana, hiyo sio hitilafu, yote mawili ni mazuri sawa, chukua lililo rahisi kukata.

Sasa niseme kuhusu mizigo, maana hapa ndio nataka mtu asome mara mbili.

Optimaiza inatengeneza umbo kwa mzigo ulioiambia, na kwa huo tu. Ukiweka uzito wa mota peke yake kwenda chini, itakupa breketi nzuri sana ya pembetatu, imepunguza zaidi ya nusu ya chuma, picha unaweza kuituma kwenye magrupu watu wakashangilia. Lakini mota ya mashine ya kusaga ina mkanda, na mkanda unavuta pembeni, na wakati wa kuwasha unavuta zaidi, na siku fundi akibadilisha mashine upande mwingine unavuta kwa kule. Umbo lile zuri halina chochote cha kuzuia pembeni kwasababu hakuna aliyeliambia kuna pembeni. Optimaizesheni ya mzigo mmoja inatoa kitu kilichosawazishwa kwa bahati, chenye vimkono vinavyoelekea upande mmoja kabisa, na ukigeuza mzigo nyuzi 20 tu kinaweza kulegea mno. Zaidi ya hapo wakati mwingine umbo linakuwa mekanizimu, yaani kwa mzigo ule linatulia lakini kwa mwingine linakunjika.

Kwahiyo unahitaji hali kadhaa za mzigo, kila moja ikihesabiwa peke yake ndani ya optimaizesheni moja, na hapa ndo FreeCAD inaniangusha. Madirisha yake yamejengwa kwa hali moja ya mzigo kwa uchambuzi. Njia ya uhakika ni kufungua .inp, kunakili sehemu yote ya kuanzia *STEP hadi *END STEP (hiyo ndo stepu, hali moja ya mzigo), kuibandika chini, na kubadilisha mizigo ndani yake. Na lazima mistari ya mizigo kwenye stepu ya pili uiwekee OP=NEW, la sivyo CalculiX inabakiza mizigo ya stepu ya kwanza ambayo hujaibadilisha na kuijumuisha na mipya, na hutaona kosa lolote, utaona umbo tu ambalo huelewi limetoka wapi. BESO yenyewe inasoma stepu nyingi bila shida. Ni kazi ya dakika chache ukishajua, lakini kwa mtu ambaye hajawahi kufungua hilo faili ni ukuta.

Mengine nayapitia haraka. Stresi kubwa kwenye ukingo pale uliposhikiza kabisa, usihangaike nayo, hiyo inapanda tu kadiri unavyosaga meshi, haina mwisho, angalia stresi milimita kadhaa mbali na pale. Kama ni chuma cha S235 unajua kinaanza kulegea kwenye megapaskali 235, weka nafasi yako ya usalama hapo. Mguso kati ya vipande, epuka ndani ya optimaizesheni, unaongeza muda mno, funga tu nodi pamoja. Cpu_cores ukiacha sifuri inatumia kori zote, vizuri usiku, vibaya kama una kazi nyingine. Na usihifadhi matokeo ya kila mzunguko, diski inajaa.

Matokeo yakitoka yanakuja kama faili za state1 za .inp, yaani elementi zilizobaki, au vtk ukitaka kuziona kwenye ParaView, programu ya kutazamia matokeo. Usitegemee kupeleka hiyo kwa fundi. Kingo zake ni ngazi ngazi, ni wazo la umbo, sio mchoro. Ninavyofanya ni kufungua meshi ile kwenye FreeCAD, kuiweka nyuma, na kuchora skechi mpya juu yake kwa mistari iliyonyooka na radiasi zinazokatika, vimkono vinavyofanana vinakuwa na upana mmoja, kimkono chembamba chenye mashaka nakifuta au nakinenepesha. Halafu, na hii sio ya hiari, unaendesha uchambuzi upya kwenye mchoro huo mpya, na mizigo yote. Pia angalia vimkono vyembamba vinavyobanwa kama havitajipinda ghafla, kwasababu hesabu ya ukakamavu haioni hilo kabisa, inaweza kukupa kimkono kirefu chembamba kinachobeba mgandamizo mkubwa na ikaona ni sawa. FreeCAD ina aina ya uchambuzi ya hiyo, ni kubadilisha tu kwenye solva.

Kuhusu mbadala. Kama unataka kuelewa wazo tu kabla ya kujipa kazi, TopOpt ya chuo cha ufundi cha Denmark, DTU, inafanya kazi hata kwenye simu, unavuta mshale wa mzigo kwa kidole unaona umbo linabadilika, nusu saa na hiyo itakufundisha zaidi ya pdf ndefu. Ipo pia Z88Arion ya Chuo Kikuu cha Bayreuth, nayo bure, imepangika vizuri zaidi kwa anayeanza na haihitaji kugusa faili, ila ina uwazi mdogo, ukikwama umekwama. Zile kubwa kama OptiStruct na Tosca zina mambo ambayo hii haina, masharti ya kutengenezeka, stresi ndani ya lengo, mizigo mingi kwenye menyu, na kama kampuni yako inazilipia tumia, usijitese. Bei zake kwa karakana ya watu watano hata tusizungumzie.

Mi naipa hii seti nne kati ya tano. Mwanafunzi wa makenika anayejua kusoma faili la maandishi, chukua. Mwenye karakana anayetaka abonyeze kitufe apate mchoro wa kukata, achana nayo, mlipe kijana anayeijua akufanyie. Ile alama moja nimeikata kwa sababu ya OP=NEW, na siku FreeCAD wakiweka mizigo mingi kwenye dirisha la kawaida nairudisha.